Wema wa Kuazima

Wazee husema: "Tembea uone." Ni maneno mazuri, nasi twayapenda, hasa tukiwa vijana. Lakini wazee haohao husema tena: "Mtembezi hula miguu yake." Basi tushike neno lipi? Je, yafaa mtu aende peke yake katika mji mkubwa wa kigeni, akiwa na fedha kidogo, bila ndugu wala rafiki wa kumpokea? Atapata nini huko, na atapoteza nini?

Watu wengi hulijibu swali hili kwa kutaja hatari za nje: wezi, magari, magonjwa, nyumba za wageni zisizo safi. Hatari hizo zipo, na mwenye busara atajilinda nazo. Lakini mimi nataka kusema juu ya hatari nyingine, ambayo haitoki barabarani. Mtu huibeba mwenyewe tangu nyumbani kwake, wala hajui kama anayo. Mimi niliifahamu katika mji wa Kampala, mwezi wa Agosti mwaka 2017.

Wakati ule nilikuwa nikifundisha shule ya msingi hapa Goma. Kila mwaka mahujaji wa kwetu huenda Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Lakini Juni ni mwezi wa mitihani, na mwalimu hawezi kuwaacha wanafunzi wake. Basi nikangoja likizo, nikaenda peke yangu. Nilivuka mpaka kwa miguu hadi Gisenyi, nikapanda basi mpaka Kigali, kisha basi jingine usiku kucha, kupitia Gatuna, Kabale, Mbarara na Masaka. Nilikusudia kukaa siku 9.

Fedha zangu nilizigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa nauli ya kurudi. Hilo nililishona ndani ya koti, maana nauli ya kurudi haiguswi hata njaa ikilia. Fungu la pili lilikuwa la kitanda: shilingi 10,000 za Uganda kwa usiku mmoja, katika nyumba ndogo ya wageni karibu na kituo cha mabasi. Fungu la tatu lilikuwa la chakula na mambo mengine. Asubuhi chai na mkate. Mchana chapati na maharage, chakula ambacho watu wa Kampala hukiita kikomando. Jioni ndizi mbivu. Mwendo wote wa mjini, kwa miguu.

Nawaambia kweli, siku mbili za kwanza zilikuwa za furaha kubwa. Kampala ni mji wa vilima, na mtu asiye na nauli huvijua vilima hivyo kwa magoti yake. Nilipanda Rubaga, nikasali katika kanisa kuu lenye minara miwili, lililowekwa wakfu mwaka 1925. Humo amezikwa Askofu Mkuu Yosefu Kiwanuka, ambaye Papa Pio wa 12 alimpa uaskofu mwaka 1939, Mwafrika mweusi wa kwanza kupewa daraja hilo katika nyakati zetu. Nilishuka bondeni, nikapanda Namirembe, penye kanisa kuu la Waanglikana. Siku ya pili niliona misikiti ya Kibuli na ya Old Kampala, na chuo cha Makerere kilichoanzishwa mwaka 1922. Kila nilipopotea ilinipasa kumwuliza mtu. Kiswahili changu hakikupendwa na wote, maana kwa miaka mingi watu wa huko walikijua kuwa lugha ya askari. Nikajifunza kusema "ssebo" kwa mwanaume na "nnyabo" kwa mwanamke, hata nyuso zikalegea. Yule apitaye ndani ya gari lake mwenyewe hahitaji kumsalimu mtu. Maskini hawezi kuvuka mji bila msaada wa watu wake, na hiyo ni faida yake.

Siku ya tatu niliona jambo jipya moyoni mwangu. Hapa Goma siwezi kupita Birere bila kusikia mtu akiita, "Mwalimu!" Huyu ni mzazi wa mwanafunzi wangu, yule ni jirani, mwingine tunaimba naye kwaya. Kampala, tangu asubuhi mpaka usiku, hakuna aliyeniita. Mwanzoni niliuona huo kuwa upweke. Kisha ukawa mtamu. Ningeweza kula nikitembea njiani, kulala mchana, kuketi kizuizini kama kijana asiye na kazi, na hakuna ambaye angesema, "Tazama mwalimu yule." Nilijiona mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Sikujiuliza mzigo huo ulikuwa kitu gani.

Alasiri ya siku ile niliingia soko la Owino. Jina lake kamili ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe, nalo ni kubwa mno. Maelfu ya wauzaji wamekaa bega kwa bega, na vijia kati ya meza ni vyembamba hata watu wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Nilitaka sweta kwa ajili ya mama yangu, maana asubuhi za Goma zina baridi wakati wa mvua. Mama mmoja muuza mitumba alinionyesha sweta nzuri ya rangi ya kahawia. Aliposikia Kiswahili changu akataja bei ya juu. Tukabishana kwa vidole na kwa kucheka, mpaka tukapatana shilingi 12,000.

Nikatoa noti moja ya 20,000. Mara ileile matone makubwa yakaanza kupiga mabati, na wauzaji wote wakaanza kupiga kelele na kufunika mali zao. Yule mama akampa noti yangu binti aliyekuwa akimsaidia, mtoto wa miaka 12 hivi, akamwambia neno kwa Kiganda, akageuka kuokota nguo zake. Binti akanihesabia chenji haraka haraka, akanitia mkononi, akakimbia kushika pembe ya turubai. Nilipofika chini ya baraza nikahesabu. Nilistahili kupewa 8,000. Mkononi mwangu zilikuwa 38,000. Yule mtoto alidhani nimetoa noti ya 50,000.

Shilingi 30,000 zilizozidi zilikuwa kama dola 8 za wakati ule. Kwa mwenye mali ni kitu kidogo. Kwangu zilikuwa usiku tatu za kitanda. Toka pale nilipokuwa hadi meza ile hapakuwa na hatua mia moja. Nilisimama, nikatazama mvua. Mvua ilipopungua, nikatoka sokoni kwa mlango mwingine.

Usiku ule, kitandani, nilijitetea kama wakili mbele ya hakimu. Nilisema: Tangu nifike mji huu wananitoza bei ya mgeni, sasa nimerudishiwa changu. Nilisema tena: Kosa si langu, wamekosea wao. Tena nikasema: Mimi ni maskini, nimekuja kuhiji, labda Mungu mwenyewe ameniona. Lakini chini ya maneno hayo yote lilikuwako neno moja ambalo sikulisema, nalo ndilo lililokuwa na nguvu: Hakuna anayenijua hapa.

Naomba mlipime jambo hili pamoja nami. Kama mambo yale yangetokea hapa Goma, katika soko la Virunga, je, ningezirudisha zile fedha? Ningezirudisha mara moja, bila kufikiri. Tena ningezirudisha kwa sauti kubwa kidogo, wauzaji wa jirani wapate kusikia. Mtu alikuwa yuleyule, amri ya saba ni ileile, fedha ni zilezile. Kilichobadilika ni macho ya watu tu. Basi ule wema wangu wa Goma ulikuwa wa nani? Ulikuwa wangu, au wa majirani zangu?

Swali hili ni la kale sana. Plato, mwenye hekima wa Wagiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, amelitia katika kitabu chake kiitwacho Politeia. Anasimulia habari za mchungaji mmoja wa nchi ya Lidia. Siku moja tetemeko liliipasua ardhi mahali alipokuwa akichunga. Sisi wa Goma tumeziona nyufa za namna hiyo, mwaka 2002 na tena mwezi wa Mei mwaka 2021. Mchungaji akashuka katika ufa, akakuta maiti yenye pete ya dhahabu, akaitwaa. Baadaye akagundua kwamba akiigeuza pete kidoleni, watu hawamwoni. Alifanya nini? Aliingia nyumba ya mfalme, akampata mke wake, akamwua mfalme, akatawala mahali pake. Na kitabu chauliza: Tukiwapa watu wawili pete kama hiyo, mmoja mwenye haki na mwingine mdhalimu, je, tutaona tofauti kati yao?

Mji wa kigeni ni pete ile. Haufichi mwili wa mtu, bali huficha jina lake. Na wengi wetu twaogopa kuharibu jina letu kuliko kuharibu roho yetu. Mtu mwenye fedha nyingi huenda asijue kama amevaa pete, maana hana sababu ya kuitumia. Yule anayehesabu kila shilingi, jaribu lake linakuja mara kumi kwa siku. Kondakta amesahau kumdai. Mwenye nyumba ya wageni hakuandika usiku mmoja. Ombaomba amenyosha mkono, na hakuna ajuaye kama alimpa au alimpita.

Sasa tujibu hoja zangu za usiku ule, maana najua si zangu peke yangu. Bei ya mgeni? Aliyenizidishia bei ya ndizi ni mtu mmoja, aliyenipa sweta ni mwingine; haki haidaiwi kwa jirani wa mdeni. Kosa lilikuwa lao? Kweli, lakini kosa la mwenzangu halihamishi mali yake ikawa yangu. Mimi ni maskini? Kanisa lafundisha kwamba mtu aliye katika shida ya kufa, asiye na njia nyingine, hafanyi wizi akitwaa kinachohitajiwa kuokoa maisha. Mimi sikuwa hivyo. Maharage yangu nilikuwa nayo, na kitanda changu nilikuwa nacho. Na kumsingizia Mungu kwamba ndiye aliyenipa ni kosa la pili juu ya la kwanza.

Labda msomaji atasema: Basi ni heri kukaa nyumbani, ambako macho ya watu hutulinda. Neno hili lina ukweli kidogo, lakini halitoshi. Mkumbuke Mtakatifu Agostino, Mwafrika wa Thagaste, mji uliokuwa katika nchi iitwayo leo Algeria. Katika kitabu chake cha Maungamo anasimulia kwamba akiwa na miaka 16, yeye na wenzake waliiba usiku matunda ya mpeasi wa jirani. Hawakuyaiba kwa njaa, maana mengi waliwatupia nguruwe. Na Agostino mwenyewe akiri kwamba kama angekuwa peke yake asingefanya vile. Macho ya wenzake ndiyo yaliyomsukuma. Je, sisi hatuyajui hayo? Siku ya ghasia, kijana hurusha jiwe, si kwa sababu anamchukia yule anayepigwa, bali kwa sababu wenzake wanamtazama. Basi macho ya watu hutuzuia leo tusitende ovu, na kesho hututuma kulitenda. Ni mlinzi asiyejua anachokilinda.

Siku ya nne nilikwenda Namugongo kwa miguu, mwendo wa kilomita kama 15. Kanisa la Mashahidi lina umbo la nyumba ya kiafrika ya msonge, nalo linasimama juu ya nguzo 22, kwa ajili ya Mashahidi 22 Wakatoliki ambao Papa Paulo wa 6 aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Hapo ndipo Karoli Lwanga alipochomwa moto mwaka 1886. Nilipiga magoti, nikajaribu kusali, lakini sala haikuja. Nikaanza kuhesabu nguzo, kama mtu ahesabuvyo mabati akikosa usingizi. Katika kuhesabu nikawataja Mashahidi majina yao, na nilipofika kwa Yosefu Mukasa Balikuddembe nikanyamaza. Yeye hakufa Namugongo. Alikatwa kichwa huko mjini, Nakivubo, tarehe 15 Novemba 1885. Ni kandokando ya soko lile lenye jina lake, soko nililotoka kwa mlango mwingine.

Aliuawa kwa nini? Alikuwa mkubwa wa vijana waliotumika katika nyumba ya Kabaka Mwanga, na Kabaka alimpenda. Mwezi wa Oktoba mwaka ule, Askofu Hannington wa Waanglikana, msafiri kutoka Uingereza, aliuawa katika nchi ya Busoga kwa amri ya Kabaka. Balikuddembe alimwambia mfalme waziwazi kwamba amekosa, kumwua mgeni ambaye hata hakusikilizwa. Tazameni jambo hili. Hannington hakuwa ndugu yake, hakuwa wa kabila lake, hakuwa hata wa Kanisa lake. Alikuwa mtu wa mbali asiyekuwa na wa kumtetea. Wala macho ya watu hayakumsaidia Balikuddembe, maana macho yote ya ikulu yalikuwa upande wa mfalme. Ilikuwa faida kwake kunyamaza. Hakunyamaza. Na alipokuwa akienda kufa, yasimuliwa kwamba alimtuma mwuaji wake ampelekee Kabaka maneno ya msamaha, na kumsihi atubu.

Basi huyu ndiye mtu ambaye Plato alimtafuta. Mvike pete, haibadiliki haki yake. Mweke mbele ya umati unaomchukia, haibadiliki pia. Alipata wapi nguvu hiyo? Nadhani ni kwamba kwake yeye palikuwa na jicho jingine.

Tunapowafundisha watoto kwamba Mungu anaona kila kitu, mara nyingi twawafanya wamwogope kama polisi aliyejificha nyuma ya mti. Lakini katika Kitabu cha Mwanzo yuko mtu aliyempa Mungu jina la Mungu anionaye. Ni Hajiri, mtumwa Mmisri, mgeni katika nyumba ya Abrahamu. Alikuwa amekimbia mateso, yu peke yake jangwani, ana mimba, hana kitu. Mungu alimwona, si kwa kumkamata, bali kwa kumwuliza atoka wapi na aenda wapi. Jicho la Mungu humtafuta mtu ambaye hakuna anayemtafuta. Na ikiwa ni hivyo, basi nilipokuwa chini ya baraza nikijisemea kwamba hakuna anayeniona, nilikosa kwa namna mbili. Nilisahau kwamba ninaonwa mimi. Tena nilisahau kwamba anaonwa yule mtoto aliyekosea kuhesabu.

Maana ndiye sikumfikiri hata kidogo mpaka siku ile. Nilifikiri juu ya fedha, juu ya kitanda, juu ya jina langu. Sikufikiri kwamba jioni yule mama angehesabu mapato yake, akute shilingi 30,000 zimepungua, na kwamba mtu wa kwanza kuulizwa angekuwa binti mwenye miaka 12.

Nilirudi mjini, na kesho yake asubuhi nikaingia sokoni. Nilitafuta siku ile yote na asubuhi ya siku iliyofuata. Mahali nilipodhani ndipo palipokuwa na meza ile, nilimkuta mwanaume auzaye viatu. Niliuliza habari za mama wa sweta, wakacheka, wakanionyesha akina mama wa sweta kumi, na ishirini. Hakuna aliyekuwa yeye. Mtu asiyejulikana alikuwa amemkosea mtu asiyejulikana, na soko lilikuwa limefunga kama maji.

Nikapanda tena Rubaga, nikaungama kwa padri aliyefahamu Kiswahili. Alinisikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, mali ya mtu asiyepatikana ni ya maskini. Umetafuta. Sasa toa yote, usipunguze." Nilikuwa nimekwisha tumia 10,000 katika zile 30,000. Nikazijaza kutoka fungu langu la kitanda, nikazipeleka kwa masista wanaotunza wazee wasio na jamaa. Fedha za siku mbili za mwisho zikaisha hapo, nami nikarudi Goma siku ya saba badala ya tisa. Sikuona jumba la makumbusho, wala sikuliona ziwa.

Sasa nijibu swali langu: wema wangu ulikuwa wa nani? Ulikuwa wa kuazima. Wazee husema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwenyewe akiidai, umebaki uchi. Mimi nilikuwa nimevaa heshima ya majirani wa Goma miaka mingi, nikidhani ni ngozi yangu. Lakini simlaumu aliyeniazima. Sisi sote huanza hivyo. Mtoto huacha kuiba kwa sababu mama anamtazama; kijana huenda Misa kwa sababu baba yake anakwenda. Hakuna azaliwaye na wema uliokwisha shonwa. Kosa si kuazima. Kosa ni kufika uzee bila kushona yako. Na mtu hajui kama ameshona au bado, mpaka siku anapokuwa mahali ambapo hakuna wa kumwazima.

Kwa hiyo nasema: yafaa kutembea. Kijana akipata nafasi ya kwenda Kampala, au Nairobi, au Kinshasa, peke yake na mfuko mwepesi, asizuiwe. Ashone nauli ya kurudi katika koti lake. Ajifunze salamu ya wenyeji kabla ya kujifunza bei zao. Akubali kusaidiwa, wala asijione mdogo kwa kuwa ameuliza njia. Na kila jioni, pamoja na hesabu ya fedha, afanye hesabu nyingine: Leo nilifanya nini ambacho nisingekifanya kama mama yangu angekuwako?

Nasi tunaobaki, tukumbuke kwamba mji wetu pia ni mji wa kigeni kwa mtu fulani. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma kwa siku chache. Mwezi wa Januari mwaka 2002, lava ya Nyiragongo ilipoteketeza sehemu kubwa ya mji pamoja na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, sisi ndio tuliovuka mpaka kwa miguu tukiwa wageni wasio na kitu. Tangu mwaka 2022 walikuja ndugu zetu wa Rutshuru, kisha wa Sake na Masisi, mpaka vita vikaingia mjini kwenyewe mwezi wa Januari mwaka 2025. Kila mara wamekuwako watu waliosimama sokoni bila kujulikana na mtu. Muuzaji alisikia matamshi yao akapandisha bei ya unga. Mwenye nyumba aliona wana haraka akapandisha kodi. Yeye hakuvaa pete, bali aliwaona wageni kana kwamba wao ndio waliovikwa pete, watu wasio na jina, ambao kuwadhulumu hakuharibu jina la mtu. Mungu aliwaagiza Waisraeli wasimwonee mgeni, kwa kuwa wao wenyewe walikuwa wageni Misri. Wa Goma hatuhitaji kwenda mbali hadi Misri ili kukumbuka.

Mama yangu aliipenda sana sweta ile. Aliivaa miezi kadhaa kabla sijapata moyo wa kumwambia habari yake. Siku nilipomwambia, nilitazamia anikemee kwa ajili ya zile fedha, au anisifu kwa kuwa nilizitoa. Hakufanya lolote katika hayo. Aliinamisha kichwa, akashika mkono wa sweta, kisha akaniuliza neno moja tu: "Na yule mtoto, hawakumpiga?"

Sikuwa na jibu, wala sinalo hata leo. Tangu siku ile, katika Rozari ya jioni, mama huongeza Salamu Maria moja mwishoni, bila kusema ni ya nani. Nami naijua.